Majina ya kupeana kwenye makala za kitaaluma

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyeandika wiki mbili zilizopita kwamba majarida ya kitaaluma ya ufikiaji huria ni "maduka ya vyeo", na kwamba msomi anayejiheshimu hapeleki makala yake huko. Mimi ni katibu wa uhariri wa jarida moja la aina hiyo, mwaka wa 11 huu. Mswada wowote unaoletwa kwetu naanza kuuona mimi kabla haujamfikia mhariri mkuu, kwa hiyo uchafu uliomo naujua kuliko huyo ndugu. Ila mlango aliougonga sio.

Nianze na lile lililomkera, nimalizane nalo. Ufikiaji huria maana yake ni kwamba yeyote mwenye intaneti anaisoma makala nzima bila kulipa, na kwa kawaida mwandishi anabaki na hakimiliki yake huku akiruhusu wengine wainakili na kuitumia ilimradi wamtaje. Azimio la Budapest la Februari 2002 ndilo lililoieneza istilahi hiyo duniani. Kwa kuwa msomaji halipi, gharama lazima zitoke kwingine: majarida mengine hubebwa na vyuo na wafadhili, mengine humtoza mwandishi ada makala ikishakubaliwa. Hapo kwenye ada ndipo matapeli walipopenyea. Mwaka 2013 mwandishi wa habari John Bohannon alitunga makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani, akaijaza makosa ya kumshtua mhakiki yeyote aliye macho, yaani msomi anayeombwa na jarida kuupima mswada kabla haujachapishwa, akaipeleka kwa majarida 304 ya ufikiaji huria. Majarida 157 yaliikubali. Simtetei hata mhariri mmoja kati ya hao. Lakini 98 yaliikataa, na hayo huwa hayatajwi. Tena Bohannon hakuijaribu kwenye majarida ambayo msomaji ndiye anayelipia, kwa hiyo hao wengine wasijipigie makofi.

Yatosha. Mimi nataka kuzungumzia sehemu ya makala ambayo wasomaji wengi huiruka: ule mstari wa majina chini ya kichwa.

Katika miaka hii wizi wa maandishi nimekutana nao, takwimu za kupika nimekutana nazo, picha ya maabara iliyogeuzwa juu chini ikapewa maelezo mapya nimekutana nayo. Kwa kila kesi moja ya hizo, za majina nina tano au sita. Na ndizo ambazo wahusika hawaoni hata kosa liko wapi. Aliyenakili aya tatu za mwenzake ukimbana anainamisha kichwa. Aliyemweka mkuu wake wa idara kwenye makala ambayo mkuu huyo hajaisoma anakushangaa wewe: "Sasa dada, ningemwachaje?"

Kanuni si siri. Wahariri wa majarida ya tiba walioanza kukutana Vancouver mwaka 1978 waliweka masharti ya nani aitwe mwandishi, na leo majarida mengi, hata yasiyo ya tiba, yanayafuata. Awe na mchango wa maana katika kubuni utafiti, au kukusanya data, au kuzichambua na kuzifasiri. Awe ameshiriki kuandika, au ameipitia rasimu kwa jicho kali. Awe ameridhia toleo la mwisho. Sharti la nne likaongezwa mwaka 2013: awe tayari kuwajibika kwa kazi nzima, ili swali likizuka kuhusu sehemu yoyote, ahakikishe limechunguzwa na kujibiwa. Yote manne kwa pamoja; si ya kuchagua. Aliyetafuta fedha tu, aliyeongoza idara tu, aliyesahihisha lugha tu, anashukuriwa mwishoni mwa makala, na hilo si tusi.

Kuna nyanja ambazo hesabu hii inakuwa ngumu, nakubali. Mwaka 2015 wanafizikia wanaotafiti chembe ya Higgs walichapisha makala yenye waandishi 5,154. Kurasa zilikuwa 33, na 24 kati ya hizo zilikuwa za majina na taasisi. Mashine wanayoitumia ni kubwa kupita kiasi na kila mmoja ana nati aliyoikaza, basi sawa. Wanahisabati nao mara nyingi hupanga majina kwa alfabeti, kwa hiyo wa kwanza si lazima awe ndiye aliyetoka jasho zaidi. Ila miswada inayonijia mimi ina waandishi watano, sita, saba, na utafiti wenyewe ni dodoso la kurasa mbili.

Sasa niseme kwa nini sharti la nne nalijua kwa moyo.

Kabla ya kazi hii nilikuwa nikisafisha lugha ya miswada ya watu kwa malipo. Jamaa mmoja tuliyesoma naye akaniletea wa kwake. Nilikaa nao siku nne, nikapanga aya, nikakata marudio, nikanyoosha upatanisho wa sentensi. Siku ya kunilipa akasema mkono hauna kitu, lakini atanipa kizuri zaidi. Makala ilipotoka nikakuta jina langu la nne kati ya matano. Sitajifanya mtakatifu: nilifurahi. Nikaichapa, nikampelekea mama. Nikaiingiza kwenye wasifu wangu, na huenda ndiyo iliyonisaidia kupata kazi ninayoifanya leo.

Miaka mitatu baadaye barua ikanikuta kazini. Msomaji mmoja alikuwa amegundua kwamba jedwali la 2 na jedwali la 4 yana takwimu zilezile, safu kwa safu, hadi desimali ya mwisho. Moja likidai ni la wagonjwa, lingine likidai ni la watu wenye afya. Jarida lilitaka maelezo kutoka kwa kila mwandishi ndani ya siku 14. Nilifungua faili langu la zamani nione nilifanya nini kwenye jedwali la 4. Nilikuwa nimebadilisha "jedwali ya nne" ikawa "jedwali la nne". Basi. Huo ndio ulikuwa mchango wangu wote kwenye jambo ambalo sasa nilitakiwa kulitolea maelezo. Namba sikuzitazama kwa sababu hazikunihusu. Yule jamaa simu hakupokea, na hajapokea hadi leo.

Makala ikafutwa. Msomaji asiyejua taratibu zetu atadhani imetoweka; haikutoweka. Makala ikifutwa huachwa palepale, na anwani yake ya kudumu ileile, pamoja na taarifa ya kwa nini imefutwa, ili aliyewahi kuinukuu ajue. Neno IMEFUTWA linakatiza kila ukurasa kwa mshazari, kwa wino mwekundu uliofifia. Na kwa kuwa ni ya ufikiaji huria, yeyote popote anaifungua bure. Kwenye ukurasa wa kwanza herufi F imekaa juu ya jina langu.

Nilimpelekea mhariri mkuu ile barua nikijua ndiyo siku yangu ya mwisho. Akaisoma mara mbili, akavua miwani. "Walikulipa?" Nikamwambia hapana. "Basi kuanzia wiki ijayo majina utayashughulikia wewe."

Tukaanza na jambo dogo. Zamani mwandishi wa mawasiliano, yaani yule anayetuletea mswada kwa niaba ya wenzake, aliandika majina yote na sisi tukamwamini. Sasa mfumo unamtumia kila aliyetajwa barua pepe: je, wewe ni mwandishi wa makala hii, umeisoma, ulifanya nini? Asipojibu, mswada hausogei. Wiki ya kwanza tu profesa mmoja mstaafu alinijibu hivi: "Utafiti huu siujui na kijana huyu simjui. Nani kaniweka humo?" Kijana tulipomuuliza akasema alidhani jina kubwa litawafanya wahakiki waisome kwa heshima. Alisema hivyo bila aibu, kama mtu anayeeleza kwa nini alivaa koti siku ya usaili.

Wajanja nao wakajifunza. Siku moja nilipokea uthibitisho wa waandishi watano wa mswada mmoja kati ya saa nane na dakika 13 usiku na saa nane na dakika 17. Anwani zote tano zilikuwa za barua pepe za bure, zote jina likifuatiwa na tarakimu mbili. Hilo peke yake lisingenisimamisha, watu wana tabia zao. Kilichonisimamisha ni kwamba wote watano, madaktari wawili wa falsafa wakiwemo, walikuwa wameandika "nadhibitisha". Dh, si th. Nikatafuta anwani za kikazi za wale madaktari kwenye kurasa za taasisi zao, nikawaandikia huko. Mmoja alijibu saa hiyohiyo, kwa th, kwamba hajawahi kuuona mswada huo.

Sisimulii haya kwa kujisifu. Tunayemkamata ni yule mzembe. Wanaofanya kazi hii kama biashara hawaandiki "nadhibitisha". Kuna vinavyoitwa viwanda vya makala: vinatunga makala, vinaipeleka kwenye jarida, na vinauza nafasi za majina, ya kwanza kwa bei yake na ya tano kwa bei yake. Niliwahi kuletewa tangazo la namna hiyo, limepangwa kama ratiba ya viti vya basi, nafasi zilizochukuliwa zikiwa zimepakwa kijivu. Ukubwa wa balaa hili umeonekana kwa Hindawi, kampuni inayochapisha majarida ya ufikiaji huria, iliyonunuliwa na kampuni kubwa ya uchapishaji ya Wiley mwaka 2021: mwaka 2023 pekee ilifuta makala zaidi ya 8,000, nyingi zikiwa zilipitishwa kwa uhakiki uliochezewa. Ndugu yetu aliyeandika barua angeyataja hayo ningemwunga mkono.

Lakini asidhani majina ya bure yameletwa na ufikiaji huria. Kisa ambacho kila mhariri hufundishwa ni cha mwaka 1994, na jarida lenyewe lilikuwa la kulipiwa, tena la heshima kubwa, la tiba ya uzazi nchini Uingereza. Daktari Malcolm Pearce wa London alidai amechukua mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, akaihamishia mahali pake, na mtoto akazaliwa salama. Habari ya ajabu. Mgonjwa huyo hakuwahi kuwepo. Miongoni mwa waandishi wenza alikuwamo Geoffrey Chamberlain, mkuu wa idara yake, ambaye pia ndiye aliyekuwa mhariri wa jarida hilohilo na rais wa chuo cha kifalme cha madaktari wa uzazi. Mambo yalipofumuka akaeleza kwamba hakushiriki kazi ile. Jina la mkuu wa idara, alisema, huwekwa kwa adabu tu. Pearce alifutwa kwenye orodha ya madaktari mwaka 1995, na Chamberlain akajiuzulu nyadhifa zake. Miaka miwili baadaye, 1997, wahariri wa majarida ya tiba nchini humo wakaanzisha kamati ya maadili ya uchapishaji, COPE, ambayo miongozo yake ndiyo tunayoifuata sisi na maelfu ya majarida mengine.

Neno "adabu" ndilo linaloniumiza kichwa. Kwetu sisi tunaolelewa kwa shikamoo na marahaba, kumwacha mkubwa nje ya jambo ni utovu, na kijana anayekataa kumwandika msimamizi wake si jasiri machoni pa watu, ni mkosa adabu. Nalielewa hilo. Ila heshima gani hii ya kumbebesha mzee wa watu deni ambalo hajui hata amekopa?

Simu nazo zina mtindo wake. Huja makala ikishakubaliwa, wahakiki wameridhika, inasubiri kupangwa kurasa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Dada, tuna kajina kamoja tu tunaomba ukaongeze."

Kajina! Mara zote ni kajina, na mara zote mwenyewe ni mtu mkubwa. Namwambia utaratibu: fomu ya mabadiliko ya waandishi, sababu ya maandishi, na saini ya kila aliyekuwapo, kwa sababu ukiongeza mtu umewapunguzia wengine. Kimya. Kisha: "Na tukimtoa yule wa nne, aingie huyu mahali pake?" Hapo huwa nauliza huyo wa nne anajua kwamba anatolewa. Nimewahi kuambiwa kwamba wa nne ni mdogo, haina shida.

Kutoa jina la aliyefanya kazi ni kosa lilelile, limegeuzwa tu. Kwenye utafiti wa dawa limekuwa na sura yake: mwandishi wa kulipwa na kampuni anaandika makala yote, kisha jina la daktari maarufu linakaa juu na la mwandishi halionekani popote. Kwetu sura yake ni ya kinyonge zaidi. Nitaifikia.

Niruhusu kwanza kisa cha paka, maana wengi hudhani natunga. Mwaka 1975 mwanafizikia Jack Hetherington wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, aliandika makala peke yake lakini kila mahali akatumia "sisi". Mwenzake akamtahadharisha kwamba jarida halitakubali "sisi" ya mtu mmoja. Enzi hizo ni taipureta. Kubadilisha ingebidi apige makala yote upya. Akaona rahisi amwongeze paka wake, aitwaye Chester, kama mwandishi mwenza: F. D. C. Willard. Makala ikachapishwa kwenye Physical Review Letters, na nakala chache zikasainiwa pia kwa alama ya unyayo. Watu walicheka na wanacheka hadi leo. Paka yule angalau hakuomba kupandishwa cheo.

Mwaka 2023 tulianza kupokea miswada ambayo kati ya waandishi ipo programu ya akili mnemba. Safari hii hakuna aliyecheka sana. Februari mwaka huo COPE ikasema wazi kwamba programu haiwezi kuwa mwandishi, na sababu waliyoitoa ni ileile ya sharti la nne: haiwezi kuwajibika kwa kazi, haiwezi kutangaza mgongano wa maslahi, haiwezi kusaini kitu. Mwandishi akiitumia aseme ameitumia wapi na vipi, na makosa yake ayabebe yeye. Wanafunzi niliowasomea sera hiyo waliielewa mara moja. Nikawauliza: sasa mkuu wa idara ambaye hajaisoma makala ana tofauti gani na hiyo programu? Wakaangaliana.

Sasa ile sura ya kinyonge. Mwaka jana niliandikiwa na dada mmoja mwanafunzi wa uzamivu. Barua yake ilianza kwa kuomba radhi mara tatu kwa kunisumbua. Alikuwa ameikuta kwenye jarida letu makala ambayo ni sura ya 3 ya tasnifu yake: maswali yake, data zake, hata mfano wa mtoto aliyekataa kujibu dodoso ambao aliuandika yeye. Waandishi walikuwa watatu, msimamizi wake akiwa wa kwanza. Yeye alikuwa mwishoni, kwenye shukrani, baada ya dereva, kwa "kusaidia kukusanya data". Na wote watatu walikuwa wamethibitisha kwa barua pepe kwamba wao ni waandishi. Utaratibu wetu ule ninaojivunia unamuuliza aliyetajwa. Asiyetajwa nani amuulize?

Aliniambatishia rasimu saba zenye tarehe. Kwenye ya tatu kuna maoni ya msimamizi pembeni: "Sura nzuri. Tutaitafutia jarida." Tulimwandikia msimamizi, akajibu kwa mistari miwili kwamba huyo alikuwa msaidizi wa kulipwa na suala limekwisha. Hapa ndipo watu hunikasirikia. Wananiambia, si mfute tu hiyo makala? Miongozo inasema jarida si mahakama: hatuna mamlaka ya kuita mashahidi wala kupekua kompyuta za maabara, kwa hiyo mgogoro wa nani aliandika nini hupelekwa kwenye taasisi yao ichunguze, na jarida hufuata matokeo. Nakubaliana na mantiki hiyo. Ubaya wake ni kwamba taasisi hiyo ndiyo iliyomwajiri msimamizi, na makala hiyo imeshahesabiwa kwenye ripoti yake ya mwaka.

Ndiyo maana ombi langu siwapelekei wahariri wenzangu. Sisi tunahangaika na tunachokiweza. Tunataka kila makala iwe na tamko la michango. Ipo orodha ya majukumu 14 iitwayo CRediT, iliyofanywa kiwango rasmi mwaka 2022: nani alibuni wazo, nani alikusanya data, nani alichambua, nani aliandika rasimu ya kwanza, nani alisimamia, nani alitafuta fedha, na kadhalika. Tulipoanza kuitumia, jambo la kwanza tulilolipata ni miswada ambayo mkuu amewekewa alama kwenye majukumu yote 14 na vijana wamegawana yaliyobaki, ambayo hayapo. Tukicheka tunairudisha. Lakini hata ikijazwa kwa ukweli mtupu, nani anaisoma? Nimezungumza na watu walioketi kwenye kamati za kupandisha vyeo. Wanahesabu makala, wanatazama jina liko la ngapi, wanapiga jumla. Tamko la michango lipo palepale, mistari mitano, bure, halihitaji nywila wala usajili, na hawalifungui.

Basi walifungue. Mtu akileta makala 40, kamati ichague tano yenyewe, isome michango, imwite imuulize: hapa pameandikwa ulichambua data, tueleze jedwali hili. Dakika kumi zinatosha. Mimi ningeulizwa hivyo kuhusu jedwali la 4 ningeanguka kabla ya swali la pili, na ningestahili. Siku jina la bure litakapomtokea mtu mbele ya kamati kama lilivyonitokea mimi kwenye barua, simu za kajina zitapungua zenyewe, na yule anayeogopa kuonekana mkosa adabu atapata cha kumwambia mkubwa wake: mzee, wataniuliza, na wewe pia watakuuliza.

Na huyo ndugu aliyeandika, kama kweli anataka kulijua jarida lililo safi na duka la vyeo, asiulize kama linatoza ada. Atafute ukurasa wa sera zao kwa waandishi. Aangalie wanasemaje kuhusu kuongeza na kutoa majina, wanamtaja nani kama mhariri na kama mtu huyo anajua ametajwa, na kama wamewahi kufuta makala hata moja. Jarida la miaka 20 lisilowahi kufuta wala kusahihisha chochote mimi hulitilia shaka kuliko lenye madoa.

Nimekuomba usichapishe jina langu, Mhariri, na najua itachekesha kwa barua inayohusu majina. Ukilichapisha jarida litajulikana, jarida likijulikana makala itajulikana, na yule dada bado hajamaliza masomo yake. Anayetakiwa kusaini tasnifu yake ni msimamizi yuleyule. Chuo tulikiandikia miezi minane iliyopita. Walijibu mara moja, kwamba barua imepokelewa. Jumatatu nimewaandikia tena, ya nne hiyo, na mhariri mkuu amekubali kwamba wasipojibu hadi mwisho wa mwezi tutaweka tamko la tahadhari juu ya makala hiyo, yaani ilani ya kumwambia msomaji kwamba ina shaka ambayo haijatatuliwa. Rasimu ya tamko niliiandika mimi. Yeye akaisahihisha sentensi mbili, nikamuuliza kama anataka na jina lake liwepo.

Katibu wa uhariri wa jarida la kitaaluma
(Jina na anwani anavyo mhariri)